Nimechoka, nasinzia, sina nguvu: mambo matatu, si moja

Kila Ramadhani ikimalizika maneno huwa yale yale. Barazani, sokoni, ndani ya gari ya Wete kwenda Chake Chake: "Nimechoka tu, wala sijui kwa nini." Mmoja atasema ni kukesha na kuamkia daku. Mwengine atasema presha imeshuka. Wa tatu atashusha sauti aseme huyo kachezewa. Na simu nazo siku hizi zimejaa sauti za watu wanaouza majani na vidonge vya "kuongeza damu", na hakuna hata mmoja wao aliyempima mnunuzi damu yake.

Nimekuwa muuguzi hapa Pemba kwa miaka mingi, na malalamiko haya nimeyasikia karibu kila siku ya kazi. Ndiyo pia yanayodharauliwa kuliko yote. Mwenye homa huhurumiwa, aliyechoka huambiwa mvivu. Nimeona watu wakibeba maradhi yanayotibika kwa miaka mitatu, minne, huku wakijilaumu kuwa wana tabia mbaya. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu "nimechoka" ni kapu moja lililotiwa vitu vitatu.

Cha kwanza ni usingizi. Huyu akikaa tu, macho yanafumba. Lepe linamchukua katikati ya hotuba, garini, hata kijiko kikiwa mkononi. Mpe mto, atalala. Cha pili ni uchovu wenyewe. Mwili mzito, moyo hautaki kuanza jambo, ngazi tano zinamtosha. Lakini akijilaza mchana usingizi hauji, na ukija anaamka vile vile alivyolala. Cha tatu ni kukosa nguvu ya kiungo: anataka kunyanyua ndoo na mkono hautii. Hiki cha tatu kinahusu zaidi mishipa ya fahamu na misuli, na kikija ghafla upande mmoja wa mwili, pamoja na mdomo kwenda kombo au ulimi kuwa mzito, ni kiharusi, na mtu huyo anatakiwa afike hospitali saa hiyo hiyo. Leo nitashughulika na viwili vya mwanzo.

Swali ninalopenda kuuliza ni hili: ukikaa kitini dakika kumi bila ya la kufanya, unalala au unakaa tu umechoka? Jibu lake linaonyesha pa kuanzia kutafuta.

Wanaolala wapo wa namna nyingi, na wengi wao hawana maradhi, wana deni. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi kila usiku. Mwalimu anayetazama mpira mpaka saa saba za usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri amelala saa nne. Mvuvi wa dagaa hutoka katika giza la mwezi na kulala jua likiwa limeshapanda, watoto wakipiga kelele nje. Ni kama kukopa dukani: leo mchele, kesho sukari, hakuna siku hata moja iliyoonekana kubwa, lakini mwenye duka anaandika. Deni hili hulipika. Lala vya kutosha wiki moja au mbili mfululizo, na likiondoka, hukuwa mgonjwa. Kwa Ramadhani hesabu ni hiyo hiyo, kwa sababu usingizi ulikatwa vipande viwili na daku. Ila ikiwa Mfungo Mosi umekwisha, unalala usiku mzima na bado unasinzia, usiisingizie Ramadhani tena.

Mwaka 1991 daktari mmoja wa Melbourne, Australia, Murray Johns, alitunga maswali manane ya kupimia usingizi wa mchana. Hayahitaji mashine. Unajiuliza una uwezekano gani wa kusinzia ukiwa unasoma, unatazama televisheni, umekaa kimya mkutanoni, ni abiria garini kwa saa nzima, umejilaza mchana, unazungumza na mtu, umekaa baada ya chakula cha mchana, au umo garini na gari imesimama kidogo njiani. Kila swali unajipa 0 mpaka 3. Jumla ikizidi 10, usingizi huo una sababu inayotakiwa kutafutwa. Kusinzia baada ya wali wa mchana ni jambo la watu wote. Kusinzia huku mtu anakusemesha si jambo la kawaida.

Bwana wa dhumna

Mtaani kwetu yupo mcheza dhumna hodari ambaye watu walimcheka mwaka mzima kwa kulala na kete mkononi. Siku moja mkewe alinifuata na simu. "Dada, hebu sikiliza hii," akaniambia. Alikuwa amemrekodi usiku. Kwanza ukasikika mkoromo, kama msumeno kwenye gogo bichi, ukapanda, ukapanda, kisha kimya. Nikatazama saa ya ukutani. Sekunde 22 hakuna pumzi. Halafu akashtuka, akavuta hewa kwa kishindo kama mtu anayeibuka kutoka kuzamia, akageuka, na mkoromo ukaanza upya. Ndani ya dakika kumi kimya kile kilirudi mara sita.

Haya ni maradhi ya kukata pumzi usingizini. Njia ya hewa kooni si bomba gumu, ni kama mpira laini wa maji. Ukiwa macho misuli inaushikilia uwe wazi. Ukilala misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, na kwa baadhi ya watu mpira ule unajibana kabisa. Hewa safi katika damu inapungua, ubongo unaona hatari na kumwamsha mtu nusu nusu, sekunde chache tu, kiasi cha kufungua koo. Yeye hakumbuki. Asubuhi atakwambia kwa kiapo kuwa amelala saa nane. Kweli alikuwa kitandani saa nane, lakini ni kama mtu aliyegongewa mlango usiku kucha. Madaktari huhesabu kila pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Mara tano kwa saa ni dalili ya maradhi, mara thelathini ni hali nzito. Hesabu ya bwana yule, kwa kipande kile nilichokisikia, ilikuwa mara 36 kwa saa.

Wengi wao ni wanene na wenye shingo nene, ingawa wembamba nao wanapata, na wanawake baada ya kukoma hedhi pia. Mtoto anayekoroma kila siku, analala mdomo wazi na skuli hashiki kitu, mara nyingi ana mafindofindo makubwa au nyama za puani. Dalili nyengine ni kuamka na kichwa kinauma, mdomo mkavu, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, na presha ya kupanda isiyotaka kushuka kwa dawa. Matibabu yapo: kupunguza uzito, kulala ubavu badala ya chali, kuacha dawa za usingizi na pombe, na kwa walio na hali nzito, mashine inayosukuma hewa kwa barakoa ili koo lisijifunge.

Nasisitiza hili kwa sababu hapa kwetu kukoroma huhesabiwa kuwa ni usingizi mnono. Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini mkoromo unaokatika kwa kimya, kisha kishtuko, kwa mtu anayesinzia mchana, ni jambo la kupelekwa kwa daktari. Mke au mume ndiye shahidi, na simu ya mkononi inatosha kuchukua ushahidi.

Mashua zisizojengwa

Sasa wale wa pili, waliochoka bila ya kulala. Hapa sababu iliyo kubwa kuliko zote katika visiwa vyetu, hasa kwa wanawake na watoto, ni upungufu wa damu.

Alinijia mama mmoja wa makamo, mkulima wa mwani kutoka pwani ya Micheweni. Kabla sijamuuliza lolote alisema, "Mwanangu, mimi si mvivu." Zamani akibeba gunia la mwani mbichi kutoka majini mpaka juu bila ya kutua. Sasa anatua mara tatu, moyo ukimdunda mpaka anausikia masikioni. Nikamshusha ukope wa chini: ndani mweupe kama nyama ya dafu. Alipofungua pindo la kanga kutoa pesa ya kipimo, zikamwagika punje za mchele mbichi. Akaona haya. Nikamwambia asione haya, kwa sababu hamu ya kutafuna mchele mbichi, udongo au barafu ni mojawapo ya dalili za mwili kukosa madini ya chuma. Wajawazito wengi wanaficha hamu hiyo kama kwamba ni aibu, na bara udongo huo huuzwa sokoni kwa jina la "pemba", jina la kisiwa chetu. Kipimo kikaonyesha 6.

Hiyo 6 ni ya nini? Ndani ya damu kuna chembe nyekundu, na kazi yao ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha kila pembe ya mwili. Zifikirie kama mashua zinazopakia mzigo bandarini Mkoani. Madini ya chuma ndiyo misumari ya kuundia mashua hizo. Misumari ikikosekana, mashua hazijengwi, au zinajengwa ndogo na dhaifu. Mzigo upo tele bandarini, yaani mtu anapumua vizuri kabisa, lakini hakuna cha kuubeba. Moyo unajaribu kufidia kwa kuzipeleka mashua chache zilizopo safari nyingi zaidi, na ndiyo ule mdundo wa masikioni. Kipimo cha wingi wa damu, ambacho wengi wanakijua kwa herufi zake, HB, kinahesabu uwezo huo wa kubeba. Mwanamume anatakiwa asiwe chini ya 13, mwanamke 12, na mjamzito karibu na 11.

Misumari inapotea wapi? Wazee wetu walikuwa na jina: safura. Mtu mweupe viganja, amevimba uso, hana nguvu. Mnyoo wa safura huingia kwa ngozi ya miguu peku kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, ukafika tumboni na kung'ata utumbo. Mnyoo mmoja, kwa kutegemea aina yake, hupoteza kati ya sehemu tatu za mia moja za mililita na sehemu mbili za kumi za mililita ya damu kwa siku. Inasikika ndogo. Zidisha kwa minyoo mia, kwa siku mia tatu, kwa mtoto wa miaka minane. Pemba ni moja ya mahali ambapo uhusiano huu ulichunguzwa kwa kina, kwa wanafunzi wa skuli, tangu miaka ya 1990, na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu mwaka 2000. Zile dawa za minyoo wanazopewa watoto skuli zina sababu. Kumbuka tu kuwa dawa inaua mnyoo, haikurejeshei misumari iliyokwisha potea. Kichocho nacho, kile cha kukojoa damu, hutoa damu kidogo kidogo kwa njia nyengine, na malaria ya mara kwa mara huvunja chembe zenyewe.

Kwa wanawake mlango mkubwa ni hedhi na uzazi. Mama wa mwani alikuwa akipata siku tisa kila mwezi, kwa vitambaa vya kubadilisha kila saa. Hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani ndivyo wanawake wote walivyo. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Hedhi inayozidi siku saba, au inayokufanya uogope kutoka nyumbani, iseme kwa sauti ukifika kwa daktari, hata kama hukuulizwa. Kwa mwanamume, au mama aliyekwisha koma hedhi, upungufu wa damu usipewe vidonge ukaachwa hapo: huenda kuna kidonda au uvimbe tumboni unaovuja. Choo cheusi kama lami ni alama yake, na wanaomeza dawa za maumivu kila siku, za namna ya diklofenaki na aspirini, ndio waliomo hatarini zaidi.

Chakula kina sehemu yake. Maini, nyama, samaki na dagaa vina chuma kinachoingia mwilini kwa wepesi. Mchicha, kunde na choroko vinacho, lakini kinaingia kwa shida, na ndimu inakisaidia. Chai inakizuia. Kwa hiyo chai na chakula pamoja, kama tulivyozoea, si mpango mzuri kwa mwenye damu ndogo. Iache saa moja au mbili ipite. Hali kadhalika vidonge vya chuma: maji na ndimu, si chai wala maziwa. Vitafanya choo kiwe cheusi, usiogope. Damu hupanda taratibu, kama pointi mbili kwa mwezi, na hata ikifika inapotakiwa vidonge huendelea miezi kama mitatu ili kujaza ghala. Wengi wanaacha wiki ya pili, wakijihisi nafuu.

Yanayosemwa barazani

"Damu ndogo" na "presha ya kushuka" si kitu kimoja. Presha ni nguvu ya msukumo ndani ya mishipa. HB ni wingi wa mashua. Mtu anaweza kuwa na presha ya juu na damu ndogo kwa wakati mmoja, na nimewaona. Kumpa huyo maji ya chumvi "ili presha ipande" ni kumdhuru.

Juisi nyekundu haigeuki damu kwa sababu ya rangi yake. Rozela na kiazi sukari ni vinywaji vizuri, lakini havitibu HB ya 6. Soda haina lolote.

Kuumikwa, au hijama, wengi wetu tunaiheshimu kwa imani. Ombi langu ni moja tu, upimwe HB kwanza. Anayechoka kwa upungufu wa damu akitolewa damu zaidi anazidi kuumia.

Wapo wanaodhani vidonge vya chuma ni vitamini vya kumpa mtoto yeyote. Kisiwa hiki chenyewe kimefundisha dunia kinyume chake. Utafiti uliofanyika hapa Pemba kwa maelfu ya watoto wadogo, wakati malaria ilikuwa nyingi, ulichapishwa mwaka 2006 katika jarida la tiba la The Lancet. Watoto waliopewa chuma kila siku bila ya kujali kama wanakihitaji walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, mpaka sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Waliokuwa na upungufu wa kweli, na waliofuatiliwa malaria yao, walifaidika. Pima kwanza, ndipo utoe. Na vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto, kwani akivimeza vingi vinaua.

Malale je? Kumwita anayesinzia "ana malale" ni maneno ya mitaani tu. Maradhi hayo huambukizwa na mbung'o katika sehemu chache za bara. Unguja ilikuwa na mbung'o waliosumbua ng'ombe, na waliangamizwa kwa kuachiwa madume waliotasishwa kwa mionzi. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina tena.

Na jinamizi, lile la kuamka usiku huwezi kusogea wala kupiga kelele, kifua kimebanwa: ubongo umeamka kabla ya misuli. Huwapata zaidi waliokosa usingizi. Soma uradi wako, ni haki yako na utakutuliza. Kisha ulipe deni la usingizi.

Sababu nyengine ambazo daktari atazipitia

Kisukari huja na kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda, na safari za chooni usiku peke yake zinatosha kumnyima mtu usingizi. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula chochote, ikifika 7 au zaidi, huo ni mpaka wa kisukari, na kipimo hurejewa kuthibitisha. Tezi ya shingo ikilegea kazi, mtu huona baridi wakati wenzake wanatoka jasho, ngozi inakauka, choo kigumu, uzito unapanda. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, jasho la usiku na kukonda humtaka mtu apimwe kifua kikuu. Figo, moyo, ini, virusi vya UKIMWI, na mimba changa ambayo mwenyewe hajaijua, vyote vinaweza kuanza na neno lile lile, nimechoka. Yapo pia maradhi adimu ya ubongo, nakolepsia, ambapo usingizi humvamia mtu bila ya kumwomba ruhusa, na akicheka sana magoti yanamlegea.

Angalia na dawa unazomeza. Vidonge vya mafua na mzio vya kizamani, kama Piriton, hulaza. Baadhi ya dawa za kifafa, za presha na za kikohozi pia. Beba pakiti zote uende nazo.

Na sonona. Hii inaniuma zaidi kwa sababu haina kipimo cha damu na mgonjwa haaminiwi. Analala mapema, anaamka saa tisa za usiku akiwaza, asubuhi hana hamu ya chochote, hata mjukuu aliyekuwa akimchekesha hamchekeshi. Huo si upungufu wa imani. Ni maradhi, na yana tiba.

Kituo cha afya cha kawaida kinaweza kuanza na HB, sukari, presha, malaria, mkojo, choo na kipimo cha mimba. Kabla ya kwenda, andika kwa wiki moja umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, umesinzia wapi. Usingoje wiki hiyo ukiwa unakosa pumzi hata umekaa, kifua kinauma, umezimia, choo cheusi kama lami bila ya kumeza vidonge vya chuma, au una mimba na moyo unakwenda mbio. Na anayesinzia akiendesha asiendeshe.

Mama wa mwani alitibiwa kizazi, akameza vidonge vyake kwa miezi mitano, na mchele sasa anaupika. Bwana wa dhumna bado yuko njiani: ameanza kulala ubavu na kupunguza mwili, na anangojea kupimwa usingizi wake Dar es Salaam. Mpaka hapo atakapopimwa, ufunguo wa vespa anao mkewe.